Nani Huhesabiwa Jamaa: Mji wa Kale na Viza za Kumfuata Ndugu Ng'ambo

Mtu anayeishi ng'ambo anaweza kuwaombea jamaa zake ruhusa ya kuhamia huko, lakini si jamaa wote. Kila nchi imeandika katika sheria yake ni nani anayehesabiwa kuwa wa familia, na orodha hiyo mara nyingi ni fupi kuliko familia inayokaa ndani ya nyumba moja ya ghorofa Kibokoni au Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mume, mke na mtoto mdogo wamo karibu kila mahali. Wazazi wamo katika nchi kadhaa, kwa masharti. Ndugu wa tumbo moja wamo katika nchi chache. Babu, nyanya, ami, mjomba, shangazi, khalati, binamu, mpwa na mkwe kwa kawaida hawamo, na mtoto aliyelelewa na mtu asiyemzaa yuko katika hali ngumu kuliko wote.

Katika mitaa iliyo baina ya Ngome ya Yesu na Bandari ya Kale, orodha hiyo ina uzito wa pekee. Kuwa na watu upande wa pili wa bahari si jambo jipya hapa. Kabla Kenya haijawa nchi, wakaazi wa Mji wa Kale walikuwa na jamaa zao Lamu, Barawa, Unguja, Maskati, Hadhramaut na Kachchh, na walisafiri kwa majahazi kufuata kaskazi na kusi bila kuulizwa cheti cha kuzaliwa. Leo jamaa hao wako pia London, Toronto, Jeddah na Dubai. Nyumbani, familia bado inaishi kwa upana wake: nyanya juu, wana waliooa na wake zao katikati, mpwa aliyeletwa mjini kusoma, khalati aliyeachika akarudi kwao. Wote ni watu wa nyumba moja kwa chakula, kwa gharama na kwa malezi. Afisa wa viza haulizi nani anakula na nani. Anauliza nani amemzaa nani, nani amemuoa nani, na ni karatasi gani inayothibitisha.

Marekani inafaa kuanza nayo kwa kuwa sheria yake imepangwa kwa ngazi zilizo wazi. Msingi wake ni sheria ya uhamiaji na uraia ya mwaka 1952, na mpangilio wa sasa wa familia ulitokana na mabadiliko ya mwaka 1965, Bunge la nchi hiyo lilipofuta mgao wa zamani uliowapendelea watu wa kaskazini na magharibi ya Ulaya. Raia wa Marekani aliyefika miaka 21 anaweza kumuombea mumewe au mkewe, mtoto wake aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa, baba yake na mama yake. Hawa hawawekewi idadi ya mwaka. Nje ya hao kuna foleni. Watoto wa raia waliopita miaka 21 na hawajaoa wana foleni yao, waliooa wana yao, na ndugu wa raia wana yao, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, ambaye bado hajawa raia, ana haki ndogo zaidi: anaweza kumuombea mwenzi wake na watoto wake wasiooa tu. Hawezi kumuombea mama yake, wala ndugu yake, mpaka achukue uraia. Familia nyingi hazilijui hili, na humlaumu kijana aliye huko kwa kuwasahau wazazi ilhali sheria yenyewe haijamfungulia.

Nafasi za ndugu ni 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na ndani yake huhesabiwa pia wake, waume na watoto wa ndugu hao. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza foleni imefika kwenye maombi ya tarehe gani. Katika mwaka 2025, ndugu waliozaliwa Kenya waliokuwa wakifikiwa ni wale walioombewa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, yaani miaka 17 hivi ya kungoja. Kinachoangaliwa ni mahali mtu alipozaliwa wala si pasipoti anayoshika. Mzee wa Mji wa Kale aliyezaliwa India, akaletwa Mombasa mchanga na kuchukua uraia wa Kenya, huwekwa katika foleni ya India, ambayo ni ndefu zaidi, isipokuwa kama mwenzi wake anayesafiri naye amezaliwa kwingine.

Mjomba, basi, hana foleni kabisa. Anaweza kufika kwa kupandishwa ngazi moja moja tu, na kila ngazi ina mtu wake. Chukua msichana wa Mji wa Kale aliyepata uraia wa Marekani. Hawezi kumuombea nyanya yake, wala mjomba wake. Anaweza kumuombea mama yake. Mama akifika hupewa ukaazi wa kudumu, na baada ya miaka 5 anaruhusiwa kuomba uraia. Akishaupata, anaweza kumuombea mama yake mzazi, ambaye ndiye nyanya wa msichana, bila kungojea foleni ya mwaka; na anaweza kumuombea kaka yake, ambaye ndiye mjomba, katika foleni ya ndugu. Nyanya atafika baada ya miaka 7 au 8 tangu ombi la kwanza. Mjomba atafika baada ya zaidi ya 20.

Njia hii huonekana nyepesi ikichorwa kwenye karatasi. Ndani yake kuna mama mwenye miaka 60 ambaye lazima aishi Marekani kwelikweli kwa muda wote huo. Akirudi Mombasa akakaa zaidi ya miezi 6, huulizwa maswali mpakani. Akipita mwaka mzima bila kibali cha kurudi, huenda akahesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali ya Marekani, na misamaha ya umri katika mtihani wa lugha huwafaa waliokwisha kaa na kadi ya kijani kwa miaka 15 au 20, si 5. Mama aliyesoma chuo cha Qur'ani na hakuwahi kuingia skuli ya Kiingereza huweza kukwama hapo, na pamoja naye hukwama nyanya na mjomba wanaongojea nyuma yake. Ni busara familia ifikirie jambo hili kabla mama hajauza chochote wala kukabidhi nyumba.

Watoto wa mjomba wana tatizo lao. Sheria inaruhusu anayeombewa katika foleni afuatane na mwenzi wake na watoto walio chini ya miaka 21. Kwa kungoja miaka 17, mtoto aliyekuwa na miaka 6 ombi lilipopelekwa amekwisha kuwa mtu mzima zamu ya baba inapofika. Sheria ya mwaka 2002 ya kulinda hadhi ya watoto ilileta afueni: umri wa mtoto hupunguzwa kwa muda ambao ombi lilikaa mezani kabla ya kukubaliwa. Ombi likikaa miaka 4, kijana wa miaka 24 huhesabiwa kuwa na miaka 20. Lakini miaka ya foleni yenyewe haipunguzwi. Hivyo huja siku baba na mama wana viza, mdogo wa mwisho ana viza, na wakubwa wawili wanabaki Mombasa. Baba akifika anaweza kuwaombea kama watoto wa mwenye ukaazi, mradi hawajaoa, nao huanza kungoja upya.

Sharti la kutooa ndilo linaloziumiza zaidi familia za Mji wa Kale, kwa sababu ndoa hazingoji viza. Binti wa mwenye kadi ya kijani akiolewa kabla baba hajawa raia, ombi lake hufa pale pale. Hakuna daraja la watoto waliooa kwa mwenye ukaazi, na baba akichukua uraia baadaye ombi lile halifufuki. Akiwa baba ni raia, ombi halifi lakini binti husogezwa kutoka foleni moja hadi nyingine iliyo ndefu kwa miaka kadhaa. Kuna wanaodhani kwamba nikaha iliyosomwa nyumbani au msikitini bila kuandikishwa haihesabiwi. Inahesabiwa. Marekani huangalia kama ndoa ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu iliyofungishwa na kadhi, sheikhe au imamu. Binti aliyesomewa nikaha kisha akaandika kwenye fomu kwamba hajaolewa ametoa taarifa ya uongo, na uongo juu ya jambo kubwa kama hilo humfungia mtu mlango wa Marekani daima, isipokuwa apewe msamaha maalumu ambao si rahisi kuupata.

Mke wa pili hana njia. Ndoa ya mitala ni halali Kenya, lakini Marekani humtambua mke wa kwanza pekee, na anayekwenda huko kwa nia ya kuishi na wake wawili huzuiwa. Uingereza iliweka kizuizi chake kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1988. Watoto wa mke wa pili ni habari nyingine. Wao ni watoto wa baba yao na anaweza kuwaombea akithibitisha uzazi, ingawa mama yao hawezi kufuatana nao. Ni sheria inayomlazimisha mama achague baina ya kubaki na watoto wake na kuwapa nafasi, na si haki kuieleza kana kwamba ni suala la fomu tu.

Upande wa ndugu, Marekani ina upana kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, au mama mmoja baba mbalimbali, ni ndugu kamili mbele ya sheria hiyo. Kinachotakiwa ni mzazi wa pamoja athibitike. Wakiwa wameunganishwa na baba, huhitajika vyeti vya ndoa zake na ushahidi wa talaka au kifo kilichomaliza ndoa zilizotangulia, na hapa ndipo faili nyingi za Mombasa hukwama, kwa kuwa talaka zilitamkwa na hazikuandikwa. Watoto wa kambo wamo pia, ikiwa ndoa iliyowaunganisha ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Ndugu wa kunyonya hawamo, ingawa katika fiqhi udugu wao unaharamisha ndoa. Na mtoto wa baba mdogo, ambaye nyumbani huitwa ndugu bila kufafanua, ni binamu kwa afisa wa viza. Anayeuza "viza ya binamu" anauza kitu kisichokuwapo.

Kuna binamu mmoja tu anayeweza kuombewa, naye ni yule aliyeolewa na anayemuombea. Ndoa za mabinamu ni za kawaida Pwani, na zikiwa halali zilikofungwa Marekani kwa jumla huzikubali kwa madhumuni ya uhamiaji, japo baadhi ya majimbo yake yanazipiga marufuku ndani ya mipaka yao. Maafisa huzichunguza kwa makini. Ndoa ikionekana ilifungwa kwa ajili ya viza pekee, mhusika hataweza kuombewa tena na jamaa yeyote, hata baadaye akipata ndoa ya kweli.

Mtoto wa kulea anastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Katika nyumba za Mji wa Kale ni jambo la heshima mtu kumchukua mtoto wa ndugu yake, ama kwa kuwa ndugu amefariki, ama kwa kuwa yeye hakujaliwa kupata mtoto. Mtoto huyo humjua khalati yake kuwa ndiye mama. Lakini Uislamu haukubali kumbadilishia mtoto nasaba, kwa hivyo walezi hawaendi mahakamani kumfanya wao kisheria, wanamlea tu. Kenya yenyewe imelitambua hilo: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitaja kafala, yaani malezi ya mtoto kwa mwenye imani ya Kiislamu, kuwa njia mojawapo ya kumtunza mtoto aliyekosa wazazi. Marekani haiitambui kafala peke yake kuwa uzazi. Inataka mtoto awe amefanywa wa mlezi kwa amri ya mahakama kabla ya kutimiza miaka 16, na awe amekaa naye chini ya ulezi wa kisheria kwa miaka 2. Khalati aliyemlea msichana tangu akiwa na siku 40 anaweza kuondoka na waliozaliwa naye wote, asiweze kuondoka na huyo mmoja.

Ulaya suala hili limefika mahakama ya juu. Tarehe 26 Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mtoto wa Algeria aliyechukuliwa kwa kafala na wanandoa raia wa Ufaransa waliokuwa wakiishi Uingereza. Mahakama ilisema mtoto huyo si mzao wa moja kwa moja wa walezi wake, lakini ni mtu wa familia kwa maana pana, na dola ina wajibu wa kurahisisha kuingia kwake na kutanguliza maslahi yake. Uamuzi huo unawahusu raia wa nchi za Umoja wanaohamia nchi nyingine ya Umoja. Mkenya aliyepata uraia wa Ujerumani akabaki Ujerumani hafunikwi nao.

Ugumu wa orodha fupi umezaa uongo, na uongo umewaumiza wakweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vita vya Somalia viliwaleta Mombasa maelfu ya watu wa Barawa, Mogadishu na visiwa vya Wabajuni, wengi wao wasemaji wa Kiswahili au lugha iliyo jirani yake kabisa. Walikaa katika kambi kama Utange na Swaleh Nguru, na baadhi yao wakachukuliwa kwenda Marekani kabla ya muongo huo kwisha. Waliobaki walianza kuombewa na waliotangulia. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi huihesabu familia kwa kuangalia nani anamtegemea nani, hivyo mpwa aliyefiwa anaweza kuwa ndani ya kadi moja na ami yake. Sheria ya Marekani haihesabu hivyo, na watu wakaona wamwandike mpwa kuwa mtoto.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliwapima DNA wakimbizi wapatao 500 jijini Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, waliokuwa wameombewa kwa mpango wa kuunganisha familia. Familia ambazo uhusiano wake wote wa damu ulithibitishwa hazikufika moja kati ya tano. Zilizobaki zilikuwa na angalau uhusiano mmoja uliokanushwa, au watu waliokataa kupimwa. Mpango wote ulisimamishwa mwaka huo na haukufunguliwa tena mpaka 2012, safari hii DNA ikiwa sharti kwa mzazi na mtoto. Watetezi wa wakimbizi walieleza kwamba si wote walioshindwa walikuwa wamenunua nafasi. Wengine walikuwa wanalea watoto wa ndugu waliouawa. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayakuwarudishia miaka minne wake na waume waliokuwa wakingoja kihalali. Tangu wakati huo, ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, unapoona cheti chenye shaka, hupendekeza DNA kwa gharama ya mwombaji, sampuli ikichukuliwa chini ya usimamizi wake.

Uingereza ina historia ya pekee na Mji wa Kale. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakaazi wengi wenye asili ya India walibaki na pasipoti za Uingereza. Walipoanza kuondoka kwa wingi mwaka 1967, Bunge la London lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1968, iliyosema kwamba mwenye pasipoti hiyo ataingia bila kizuizi ikiwa yeye, mzazi wake au babu au nyanya yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko. Mtoto wa mlowezi mzungu wa Nairobi alikuwa na babu wa namna hiyo. Mbohora wa Mji wa Kale, mwenye asili ya India, hakuwa naye. Kwa waliozuiwa ulitengenezwa mgao wa vocha, 1,500 kwa mwaka hapo mwanzo, uliopewa wakuu wa kaya. Mwanamke mwenye mume hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya, hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake na si ya mumewe. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi wa rangi ndani ya sheria hiyo ulifikia kiwango cha kuwadhalilisha watu. Vocha ziliendelea kutolewa hadi mwaka 2002.

Masharti ya leo ya Uingereza yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa tarehe 9 Julai 2012. Mwenzi huingia ikiwa anayemdhamini ana kipato kilichowekwa, ambacho kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka na kikapandishwa hadi pauni 29,000 tarehe 11 Aprili 2024. Kwa watu wazima wengine liko daraja moja la jamaa anayehitaji kutunzwa, na ndani yake wamo mzazi, babu, nyanya, kaka, dada na mtoto aliyepita miaka 18. Kabla ya 2012 hata mjomba na shangazi waliweza kuombewa katika hali ya huruma ya pekee, lakini waliondolewa. Orodha iliyobaki ni pana kuliko ya Marekani kwa majina, lakini mlango wenyewe ni mwembamba sana. Mzee lazima awe hawezi kujifanyia mambo ya kila siku, kama kuoga, kuvaa au kupika, na utunzaji anaouhitaji uwe haupatikani Kenya, au haupatikani kwa bei ambayo familia inaweza kulipa. Mombasa wapo wauguzi na wasaidizi wa nyumbani wanaoajiriwa kwa mwezi. Mtoto anayepata pesa za kutosha kumdhamini mama yake London huonekana pia kuwa na za kutosha kumlipia mtu wa kumtazama Mji wa Kale, na ombi hukataliwa kwa sababu hiyo. Kwamba mama anamtaka mwanawe, si mtu wa kulipwa, hakutoshi.

Mpwa yatima aliye chini ya miaka 18 ana nafasi Uingereza ambayo hana Marekani. Kanuni zinaruhusu mtoto kumfuata jamaa, si mzazi pekee, ikiwa kuna sababu nzito za kifamilia zinazofanya kumzuia kusifae. Kila ombi huangaliwa kwa hali yake.

Kanada ndiyo iliyoandika waziwazi zaidi juu ya jamaa wa mbali. Wazazi pamoja na babu na nyanya wanaweza kudhaminiwa, ingawa idadi ni ndogo na wadhamini huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa waliojiandikisha. Mdhamini hujifunga kuwagharimia kwa miaka 20, au 10 akiwa Quebec. Kwa wasiobahatika kuna viza ndefu ya kutembelea watoto na wajukuu, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo tangu 2022 humruhusu mzee kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Kaka, dada, mpwa au mjukuu anaweza kudhaminiwa akiwa yatima wa baba na mama, chini ya miaka 18 na hajaoa. Aliyefiwa na baba peke yake hahesabiwi yatima hapa. Na iko kanuni ya mtu aliye mpweke: Mkanada asiye na mwenzi, mtoto, mzazi, babu, ndugu, mjomba, shangazi wala mpwa aliye Kanada kihalali au anayeweza kudhaminiwa anaruhusiwa kumleta jamaa mmoja wa damu wa umri wowote, hata binamu. Ni wachache wa Mji wa Kale watakaofaa, kwa kuwa ni nadra mtu wa huku kuwa na jamaa wachache kiasi hicho.

Kosa linalowagharimu wengi Kanada ni la kunyamaza. Anayehamia huko lazima aandike mwenzi na watoto wake wote, hata wasiosafiri naye, hata mtoto wa nje ya ndoa. Asiyetajwa wakati huo kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye, ijapokuwa tangu 2019 serikali imelegeza kwa muda katika hali fulani. Kijana aliyejiandika mseja kwa kuona haya, au ili faili iende haraka, amemfungia mwanawe njia.

Oman ilipima kwa kipimo tofauti kabisa. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970, watu wenye asili ya Oman walioishi Afrika Mashariki walikaribishwa kurudi, wengi wao wakiwa wametoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Swali halikuwa nani anaishi Maskati sasa bali ukoo: baba wa baba alikuwa wa kabila gani, na je, masheikhe wa kabila hilo wanamtambua. Mtu aliyezaliwa Mombasa, asiyejua Kiarabu vizuri, aliweza kupokewa kwa ajili ya babu wa babu. Mtoto wa mwanamke wa Kiomani na baba Mswahili hakuwa na njia hiyo. Nasaba ya baba ilifika mbali, ya mama haikufika hata hatua moja. Kwingineko Ghuba, mkaazi wa kigeni mwenye kipato na nyumba ya kutosha huweza kuwaleta mwenzi na watoto, na kwa masharti makali zaidi wazazi. Lakini huo ni ukaazi unaotegemea kazi yake, na kazi ikiisha wote huondoka.

Popote mtu anapoombewa, kazi kubwa hufanyika Mombasa, kwenye karatasi. Wazee wengi walizaliwa nyumbani kwa mikono ya mkunga na hawakuandikishwa. Vyeti vyao vilitolewa miaka mingi baadaye, na cheti kilichochelewa hutiliwa shaka mpaka kisindikizwe na ushahidi wa zamani kama rekodi za skuli, za hospitali au za chanjo. Majina nayo husumbua. Mzee mmoja anaweza kuwa Athman kwenye kitambulisho, Othman kwenye cheti cha ndoa na Uthman kwenye pasipoti ya mwanawe, na jina la tatu likawa la babu mahali pamoja na la ukoo pengine. Tofauti hizi husawazishwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na ni afadhali zisawazishwe kabla ya ombi kupelekwa kuliko baada ya afisa kuziona. Ndoa na talaka za zamani ambazo hazikuandikwa hupelekwa Mahakama ya Kadhi, mashahidi wakiwa bado hai.

Baada ya uhusiano kuthibitika hubaki gharama. Marekani humtaka anayeomba atie sahihi ahadi ya kumgharimia jamaa yake, akionyesha kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha nchi hiyo kwa idadi ya watu wake wote. Asipokifikia, raia au mkaazi mwingine yeyote anayeishi huko anaweza kuongeza dhamana yake, awe jamaa au rafiki. Lakini aliyeomba akifariki kabla ya viza kutoka, ombi huanguka pamoja naye, hata likiwa limengoja miaka 16. Serikali inaweza kulirudisha kwa huruma ikiwa atapatikana mdhamini wa badala, na sheria imetaja ni nani anayefaa: mwenzi wa anayehamia, wazazi na wakwe zake, ndugu, mashemeji na mawifi, watoto wake waliofika miaka 18, waume na wake wa watoto wake, mlezi wake wa kisheria, na pia babu, nyanya na wajukuu. Kwa kulipa, familia imepanuliwa hadi hapo. Mjomba, shangazi na binamu hawakuingizwa hata katika orodha hii.